Kilo Nane, Pamoja na Begi

Jumamosi jioni, Novemba. Missouri City.

Asubuhi ya leo kwetu DeSoto, nje kidogo ya Dallas, kulikuwa na ukungu. Taa za barabarani zilikuwa bado zinawaka, kila moja na duara lake la mwanga, na mti wa jirani ulionekana nusu tu, kama picha ambayo mchoraji ameitwa kula kabla hajaimaliza. Sasa naandika nikiwa nyumbani kwa Mama Mkubwa, nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Huku pembeni ya Houston kuna joto kidogo hata Novemba. Ndani watu wanacheka, maana leo ilikuwa akika ya mjukuu wake. Nimetoka nje kwa sababu nikikaa sana katikati ya watu huanza kusikia maneno yao kama maji yanayopita, na mtu akiniuliza kitu namjibu kingine.

Leo Kaimati amepanda ndege.

Nimeandika sentensi hiyo nikaiangalia kwa muda. Ni paka. Paka mzee, mnene, wa rangi ya hudhurungi, ambaye hajawahi kuvuka hata barabara.

Kwa wachache mnaopita kwenye blogu hii na hamnijui vizuri: kabla ya Texas tuliishi Rotterdam. Baba alikuwa anasoma, Mama alikuwa anauza mikate dukani, na Shangazi Rehema, dada mkubwa wa Baba, alikaa ghorofa ya juu yetu. Mume wake alikuwa ameshafariki na hawakupata mtoto. Kaimati aliletwa nikiwa mdogo sana. Siku hiyo Mama alikuwa jikoni anakaanga kaimati, na yule mtoto wa paka alikuwa mviringo na rangi ileile, basi jina likapatikana bila kikao. Tangu hapo alilala miguuni pangu kila siku, mpaka nilipokuwa na miaka kumi. Kisha Baba akapata kazi Dallas. Watu wazima waliingia chumbani, wakafunga mlango, na walipotoka wakaniambia Kaimati atabaki kwa Shangazi kwa muda.

Kwa muda. Sasa nina miaka kumi na sita.

Siku ya kuondoka nilivua sweta langu jekundu la sufu, zito, ambalo Shangazi mwenyewe alinifumia, nikalitandika kwenye kikapu cha Kaimati. Niliona kwamba kama ataendelea kulinusa, basi sitakuwa nimeondoka kabisa. Nilikuwa mtoto, lakini hata leo sioni kosa lolote katika hesabu hiyo.

Mwaka huu Shangazi amepata kazi Helsinki, katika nyumba ya kulelea wazee. Alipotuambia, jambo la kwanza nililouliza lilikuwa kuhusu paka. Baba alinitazama kwa jicho la "kwanza mpongeze," lakini Shangazi alicheka kwenye simu, akasema, "Mwache, Nuru anajua nani mkubwa katika nyumba hii."

Kuanzia hapo nilipewa kazi, nayo ilikuwa kusoma. Shangazi hapendi kusoma masharti. Anasema maandishi madogo yanamfanya ahisi anasemwa. Kwa hiyo mimi niliyasoma huku Texas, kwenye maktaba ya shule wakati wa chakula cha mchana, halafu nikamtumia ujumbe wa sauti wa kumweleza. Begi liachwe wazi sebuleni wiki nyingi kabla, ili alizoee. Apewe chakula ndani yake. Asubuhi ya safari asile. Sindano ya kichaa cha mbwa anayo, na chini ya ngozi ya shingo ana kile kidude chenye namba. Ana pasipoti pia, kijitabu cha bluu chenye jina lake. Baba alipoona picha ya pasipoti hiyo akasema, "Miaka yote ile nimekaa Ulaya mimi sikuipata. Paka kapata." Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Sharti gumu lilikuwa moja. Ili aingie na Shangazi ndani ya ndege, chini ya kiti cha mbele yake, asizidi kilo nane, pamoja na begi.

Kaimati peke yake alikaribia kilo nane.

Daktari wa wanyama akamwandikia mlo mdogo na maboga ya kuchemsha. Kaimati aliyatazama maboga kama mgeni anayetazama maji ya kunawa akidhani ni supu. Lakini wiki zilipita, akapungua. Shangazi akawa anasimama naye juu ya mizani ya bafuni, halafu anasimama peke yake, halafu ananitumia tofauti. Nilikuwa kwenye darasa la kemia siku aliponiandikia, "Tumefika," na nilitabasamu mpaka mwalimu akadhani nimeelewa somo.

Njia nyingine ilikuwapo, ya kumsafirisha kwenye tumbo la ndege pamoja na mizigo. Shangazi aliikataa kabisa. "Simtii mzee wa watu gizani na masanduku," alisema. "Wakimkataa mlangoni, atabaki kwa jirani yangu, nyie ndugu zangu mtajua wenyewe."

Na Baba, bila kufunga mlango safari hii, akasema mbele yetu sote mezani, "Wakimkataa tutamleta huku. Akae na Nuru. Nimeshasema."

"Na zulia?" Mama akauliza.

"Zulia litazoea."

Tangu siku hiyo nilikuwa na ndoto mbili, na zote nilikuwa naziota nikiwa macho. Katika ya kwanza Kaimati yuko chini ya kiti juu ya bahari ya kaskazini, Shangazi ameingiza vidole viwili kwenye zipu ili amguse. Katika ya pili yuko dirishani kwangu DeSoto, anawatazama kindi wanaokimbia juu ya uzio, jua la Texas liko mgongoni mwake, na miguuni pangu kuna uzito ambao nimeukosa kwa miaka sita.

Ndoto ya kwanza niliwasimulia watu. Ya pili sikumwambia yeyote.

Basi leo. Tulitoka nyumbani ukungu ukiwa bado haujainuka. Safari ya kuja Houston huwa haianzi mpaka gari lijae vitu vya watu. Ukishasema msikitini au dukani kwamba Jumamosi unashuka Houston, umekuwa posta. Mama Halima alileta sufuria kubwa la bintiye. Mtu mwingine alileta ndoo ndogo ya achari ya ndimu. Na Mama Daniella, jirani yetu Mrundi anayefanya kazi hotelini, alikuja asubuhi kabla hajaenda kazini, akiwa amekumbatia gunia la unga wa muhogo kama mtoto aliyelala. "Munipelekee tu haka kadogo kwa mudogo wangu kule Stafford," alisema. Hako kadogo kalichukua nafasi yote ya miguu yangu. Kwa hiyo nilikaa nimekunja magoti, sufuria la Mama Halima mapajani, na mdogo wangu Zuhura pembeni akiwa na achari, akilalamika kwamba gari lote lina-smell.

"Linanukia," Mama akamsahihisha kutoka mbele.

"Lina-smell, Mama."

Baba huwa haongei sana akiendesha. Anapenda barabara hii ya kushuka kusini, nyasi pande zote mbili na ng'ombe wamesimama kwenye ukungu kama samani zilizosahaulika. Mimi nilivaa vipokea sauti masikioni na kuegemeza kichwa kwenye kioo. Huku asubuhi, kule tayari mchana. Shangazi alikuwa uwanja wa ndege. Nilikuwa najaribu kuiona mikono yake, begi lenye matundu ya hewa, watu wanaopita na magurudumu.

Tulikuwa hatujafika Corsicana ujumbe wa sauti ulipoingia.

"Nuru mwanangu. Wamempima. Imezidi kilo nane, imezidi kabisa. Huyu dada wa kaunta ana uso mzuri lakini mizani yake haina huruma. Nimemwambia nyumbani tulipima, akaniambia, Mama, hapa si nyumbani. Amenipisha pembeni, anahudumia wengine, amesema nikipata ufumbuzi nirudi kabla hajafunga. Ufumbuzi gani, mimi nitamkata mguu? Basi. Nadhani nimpigie jirani aje amchukue. Mwambie baba yako."

Chini yake kulikuwa na picha. Begi juu ya mizani, na nyuma ya wavu jicho moja la njano.

Nataka kuandika hapa kilichonipata, kwa sababu nikikiandika vizuri labda kitaacha kunizunguka. Nilifurahi. Ilianzia tumboni, joto, kama unapokunywa chai upesi. Niliona dirisha langu, nikaona kindi. Nikaona mpaka bakuli lake la maji litakapokaa, pembeni ya rafu ya vitabu.

"Dada yangu anasemaje?" Baba akauliza, akinitazama kwenye kioo.

"Bado yuko kwenye foleni."

Nilijibu hivyo. Sauti yangu ilitoka laini kabisa.

Nikarudi kwenye picha, nikaikuza. Nilitaka kuliona lile jicho. Lakini nilipoikuza niliona kitu kingine. Begi lile lina mifuko miwili ya pembeni, ya kuwekea pasipoti na kitambaa cha kufutia. Nalijua, mimi ndiye niliyelichagua, na mifuko yake ni bapa. Kwenye picha ilikuwa imevimba kama mashavu ya mtu aliyeficha kitumbua.

Nikatazama sufuria mapajani pangu. Nikatazama gunia chini ya magoti.

Nikajua.

Nani anahama kutoka Rotterdam kwenda Helsinki akaachwa aende hivihivi? Wamemletea. Wote wale wanaokuja kumuaga, kila mmoja na kifurushi chake kidogo cha mtu wake wa kule, na Shangazi hajui kukataa. Masanduku yake yalikuwa yameshajaa tangu wiki iliyopita. Sehemu pekee iliyobaki yenye nafasi ilikuwa begi la paka.

Huyu binti wa kaunta asingeweza kujua. Jirani Mholanzi asingeweza kujua. Nadhani duniani kote, dakika ile, mtu pekee aliyejua kwa nini Kaimati amezidi uzito alikuwa mimi, kwenye kiti cha nyuma, katikati ya malisho ya Texas, na nilikuwa nimefunga mdomo.

Zuhura alikuwa ameanza kusinzia. Nilijiambia hoja nzuri nzuri, mimi ni mtu wa vitabu, hoja sikosi. Kaimati ni mzee, Helsinki kuna baridi. Shangazi atakuwa kazini kutwa. Huku kuna jua, kuna Zuhura, kuna mimi. Hakuna aliyenikataza kunyamaza. Kunyamaza si uongo, nilijiambia, nikasahau kwamba uongo nilikuwa nimeshausema.

Nikaurudia ule ujumbe, labda nimesikia vibaya. Safari hii niliusikiliza mpaka mwisho kabisa. Shangazi huwa anasahau kukata. Baada ya "mwambie baba yako" kulikuwa na kelele za magurudumu na tangazo la lugha nisiyoikumbuka tena vizuri. Halafu sauti yake, iko mbali na simu, kama ameinamia begi. Haongei na mimi.

"Tulia baba. Tulia, mzee wangu. Tutaenda wote."

Hakuna zaidi. Nikausikiliza tena hapo tu.

Sikuwahi kufikiria juu ya nyumba ya Helsinki. Nimemfikiria Kaimati ndani ya ndege, Kaimati dirishani, Kaimati miguuni. Shangazi nilimfikiria kama mkono unaobeba begi. Sasa nikaiona ile nyumba, vyumba viwili alivyopewa, havina pazia wala kiti. Anafungua mlango kwa ufunguo mpya. Anaingia, na hakuna anayemtangulia kunusa pembe za ukuta.

Nikaandika: Shangazi, kwenye mifuko ya pembeni ya begi kuna nini?

Jibu likaja upesi. Vitu vya watu tu.

Vitu gani?

Ubuyu. Majani ya chai. Na dagaa wa Mwanza, wa yule dada atakayenipokea. Kidogo tu.

Kadogo, niliwaza, magoti yakiniuma.

Nikaandika: Vitoe. Viweke kwenye mifuko ya koti lako. Ulichovaa hakipimwi.

Na dagaa?

Hasa dagaa.

Nikangoja. Nje ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na mahali palipopasuka nyasi ziling'aa. Picha nyingine ikaja. Jicho lilelile la njano, mifuko bapa. Chini yake ameandika, Imeshuka lakini bado imezidi kidogo. Nuru, nimejaribu. Hakuna kingine cha kutoa.

Kilikuwapo. Nilikiona tangu picha ya kwanza na nilikuwa nimekaa nakizunguka, kama unavyozunguka kiti ambacho mtu amekalia. Chini ya Kaimati, kwenye kona ya wavu, kitu chekundu.

Sweta lile ni zito. Shangazi alilifuma kwa sufu nene kwa sababu baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Hajawahi kulifua tangu niondoke, aliniambia, ili lisipoteze harufu. Anajua ni harufu ya nani.

Vidole vyangu viliandika polepole.

Toa sweta.

Hapana, alijibu. Hilo si mzigo.

Shangazi, toa. Weka kitambaa chepesi badala yake.

Hili ni lako mwanangu. Atalitafuta.

Livae wewe.

Litanienea wapi, nilikufumia una mkono kama mwiko.

Lifunge shingoni.

Halafu akaandika neno moja: Ngoja.

Na baada ya hapo hakuna kitu. Tulipita Corsicana, tukapita Fairfield, simu ikakaa juu ya mfuniko wa sufuria, nyeusi, kimya. Nilijaribu kusoma nikashindwa. Nilikuwa naona mawingu. Nilikuwa naona bahari chini, ya kijivu, na meli ndogo zisizosogea, na katikati ya mawingu na bahari paka amekaa juu ya kitambaa kisichonuka chochote. Au nilikuwa naona jirani anakuja na funguo za gari, Kaimati anarudi kwenye nyumba tupu. Sikujua nione ipi.

Madisonville tulisimama kwenye kile kituo kikubwa cha mafuta kinachouza mpaka nguo. Mama na Zuhura wakaingia ndani. Mimi nilibaki kwa sababu ya sufuria, na Baba alikuwa anajaza mafuta. Alipomaliza hakuingia garini. Alifungua mlango wangu, akalichukua sufuria, akaliweka kwenye kiti cha Zuhura ili ninyooshe miguu.

"Foleni ndefu hiyo," alisema.

Nikamwambia. Sikupanga maneno. Nilimwambia kwamba alikataliwa, kwamba nilijua kwa nini, kwamba nilinyamaza, halafu nikasema. Nilimwambia habari za dagaa na za sweta. Nilimwambia sasa sijui lolote, kwa sababu Shangazi hajibu.

Baba alisimama ameshika mlango. Upepo ulikuwa unapeperusha kola yake.

"Ulitaka akataliwe?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Mimi pia," akasema.

Nikamtazama.

"Nilikwambia kwa muda," alisema. "Ulikuwa na miaka kumi, ukaniamini, hukuuliza tena. Ingekuwa unauliza, ningekuwa nimeshakasirika, nimeshasahau. Nilikuwa namuomba Mungu watu wa kaunta wanisaidie kutimiza ahadi." Akatikisa kichwa. "Kumbe ningemnyang'anya dada yangu."

Sijawahi kumsikia Baba akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja, wala si kuhusu mimi. Halafu akapiga paa la gari kidogo kwa kiganja, kama mtu anayemaliza kikao, akaenda kuwatafuta wenzetu. Walirudi na karanga za sukari. Nadhani alimwambia Mama njiani, kwa sababu tulipokuwa tumeshaingia kwenye misonobari ya Huntsville, Mama alipitisha mkono nyuma bila kugeuka, akalishika goti langu.

"Basi zulia limepona," alisema.

"Hatujui bado," Baba akasema.

"Limepona. Namjua wifi yangu. Kama dagaa ameshawatia kwenye koti, huyo keshapanda."

Zuhura akauliza nani katia dagaa kwenye koti, ikabidi asimuliwe kuanzia mwanzo, na alipoelewa akacheka mpaka achari ikamwagika kidogo. Lile sanamu refu jeupe la mzee mmoja, lililosimamishwa kando ya barabara, likapita upande wetu, mkongojo mkononi, likitutazama kama limezoea kuona familia zinazogombana juu ya achari.

Huku tulikuta pilau na dua zimeshaanza. Nilimpakata mtoto wa akika, ambaye ana kichwa kilichonyolewa upya, laini kama nini sijui, na nikawasalimia wakubwa wote mmoja mmoja. Shikamoo, marahaba, umekuwa, unasoma nini. Simu ilikuwa mfukoni mwa gauni langu na nilikuwa naisikia kwa ngozi. Ilipotikisika nilikuwa nimeshika sinia. Nikalishusha mbele ya mtu ambaye sikumtazama, nikatoka kwa huu mlango wa nyuma.

"Nuru mwanangu. Tumefika."

Alikuwa anahema, na chini ya sauti yake kulikuwa na mlio kama wa mtu anayetembea juu ya sukari. Theluji, alisema. Alisema dada wa kaunta alipomwona anarudi na koti limevimba na sweta la mtoto limefungwa shingoni, alitazama mizani, akatazama koti, akatazama mizani, na akaangalia pembeni kabisa alipokuwa anabandika karatasi. Alisema Kaimati hakulia hata kidogo, alikuwa amebana pua kwenye wavu upande wa mfuko wa koti wenye dagaa safari nzima, na bwana mmoja wa kiti cha dirishani aliomba kuhamishwa. Alisema mwenye dagaa wake alimpokea uwanjani, akamkumbatia, akabaki amemkumbatia, akamwambia, "Dada, unanuka nyumbani."

Hapo alicheka, halafu akakohoa ili asilie. Nakijua kikohozi hicho, Baba anacho pia.

Halafu picha. Chumba kina taa moja na godoro sakafuni. Dirisha jeusi. Shangazi amelala chali bila kuvua koti, sweta jekundu bado liko shingoni, mikono miwili midogo ya sweta imefungwa fundo chini ya kidevu. Juu ya kifua chake, uso wote umezama kwenye fundo hilo, kuna kitu mviringo, cha rangi ya hudhurungi.

Nimeitazama hiyo picha mpaka magharibi ikaadhiniwa kwenye simu ya mtu ndani. Sina furaha ile ya asubuhi, ile ya chai ya moto. Nina kitu kingine, hakina jina, kimekaa miguuni kama uzito mdogo. Nimejaribu kusogeza miguu na hakijaondoka.

Baba alikuja mlangoni, nikampa simu. Alitazama, akairudisha, akasema, "Kazeeka," na sikujua anamsema nani kati ya wawili wale. Kisha akasema kwamba mwaka utakaofuata, nikimaliza shule, kama bado nitataka, tutaongea habari za tiketi. Alisema tutaongea. Hakusema tutakwenda. Nimependa kwamba safari hii amechagua neno dogo.

Kesho tunapitia Stafford kupeleka unga wa Mama Daniella, halafu tunarudi DeSoto. Nimechungulia ndani sasa hivi. Kando ya mlango wa mbele tayari kuna mfuko wa ndizi za kupika, beseni lililofunikwa kitambaa, na boksi lililoandikwa jina la mtu nisiyemjua. Najua ni kiti cha nani kitakachobeba boksi.

Na siku nikienda Helsinki? Nimekuwa nikiiona hiyo siku tangu giza lianze kuingia, naiona vizuri kuliko ua hili lililo mbele yangu. Nitagonga mlango, kuna theluji kwenye viatu vyangu. Paka mzee sana atakuja polepole kunusa koti langu. Akinikumbuka, sawa. Asiponikumbuka, mfukoni nitakuwa na dagaa.